Mnaobadilisha boila huku Uingereza: msimalizie malipo kabla hamjaona tope likitoka

Wakuu, nina hasira hata sijui nianzie wapi.

Boila yetu ya zamani, ule mtambo wa gesi unaochemsha maji ya kupasha nyumba joto, ilikufa, tukaita kampuni moja hapa Birmingham. Fundi wao amesajiliwa Gas Safe, ile rejista ya mafundi wa gesi, upande wa gesi sina neno. Lakini mabomba na rejeta (zile paneli za ukutani zinazopitisha maji ya moto kupasha chumba) ni zilezile za miaka nenda rudi, na alichofanya ni kumwaga maji, kujaza mengine, kuchukua hela na kusepa.

Baridi ilipoanza kuuma, rejeta zikawa moto juu, chini hola. Juu kukiwa baridi ni hewa tu, unaitoa kwa kifunguo kisha unarudisha presha kwenye bar 1 hadi 1.5. Chini kukiwa baridi ni tope, na hapo kifunguo hakisaidii. Boila mpya nayo ikaanza kunguruma kama birika.

Nawapigia, naambiwa waranti haihusiki kwa sababu maji ya mfumo ni machafu! Yaani uchafu waliotakiwa wao kuusafisha ndio wanaojifichia. Halafu eti niwalipe tena waje wausafishe.

Nikaita fundi mwingine. Akafungua rejeta ya sebuleni, akakinga karai: maji meusi tii. Akachovya sumaku, ikatoka imevaa tope. Hiyo ni kutu ya rejeta zenyewe, ikifika kwenye boila inaziba vile vinjia vyembamba vya kupashia maji.

Sasa sikilizeni hili. Kwenye kitabu cha boila kuna fomu ya Benchmark ambayo fundi huijaza akimaliza kazi. Penye kuthibitisha kwamba mfumo umesafishwa kwa kufuata BS 7593, kiwango cha Uingereza cha kusafisha na kutunza maji ya mifumo hii, jamaa kaweka "ndiyo". Jina la dawa ya kusafishia: patupu. Dawa ya kuzuia kutu: patupu. Chujio la sumaku, la kunasa hiyo kutu, ndiyo hakuna kabisa, na toleo la 2019 la kiwango hichohicho linasema liwepo. Huo si uzembe, ni uongo wa maandishi.

Nimeipiga picha hiyo fomu, nimewaandikia nikitaja Consumer Rights Act ya 2015, sheria ya haki za wateja: kazi ilitakiwa ifanywe kwa uangalifu na ustadi, kwa hiyo waje waisafishe kwa gharama zao. Jibu: "meneja atakupigia." Meneja gani, hadi leo kimya.

Kuna mtu humu ameshawapeleka watu wa aina hii kwenye mahakama ya madai madogo? Ripoti ya fundi wa pili inatosha kama ushahidi, au watanizungusha tena?