Bomba la bafuni linanitekenya, fundi anasema umeme mdogo hauui. Ni kweli?

mpangaji_Mbezi:
Habari zenu wakuu. Nimepanga nyumba yenye shawa ya umeme, zile zinazopasha maji papo hapo. Tangu mvua zianze, nikigusa bomba nikiwa nimelowa nasikia kama sindano vidoleni. Mwanangu wa miaka 6 hataki tena kuogea humo. Nikamwita fundi aliyeifunga, akachomeka tesa, ikawaka kwa mbali, akasema "dada, huo umeme mdogo, hauui, vaa ndala." Jirani akaleta mita, ikasoma volti 62 kati ya bomba na sakafu. Naomba kueleweshwa: mwili unahimili umeme kiasi gani? Na huo mkubwa unaoua unaanzia wapi?

fundi_Tanga:
Dada, kwanza nenda kazime swichi ya hiyo shawa. Mtoto aogee maji ya ndoo mpaka hili liishe. Ukishazima, rudi usome.

Kinachodhuru ni mkondo unaopita ndani ya mwili na muda unaokaa humo. Mkondo tunaupima kwa ampea, na kwa habari ya mwili tunazungumzia miliampea (mA), yaani sehemu moja ya elfu ya ampea. Volti kazi yake ni kuusukuma. Ili upate kipimo cha kukusaidia: balbu ya zamani ya wati 60 inakula karibu 260 mA. Sehemu ya tisa tu ya hiyo inatosha kuhatarisha maisha ya mtu.

Kwa umeme wetu wa nyumbani, wa hezi 50, mtu huanza kuuhisi kwenye nusu mA hivi. Hizo sindano zako ziko hapo au juu kidogo. Ukifika karibu 10 mA ndipo panapotisha: misuli inakaza na mkono hauachii. Misuli inayofumba vidole ina nguvu kuliko inayovifumbua, kwa hiyo aliyeshika bomba analibana zaidi badala ya kuliachia. Watu husema "umeme umemvuta". Umeme haukumvuta, ni misuli yake mwenyewe iliyofunga. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwapima watu waliojitolea, akakuta kwa wastani wanaume hushindwa kuachia kwenye 16 mA na wanawake kwenye 10.5 mA. Huo ni wastani. Kiwango alichokiona salama karibu kwa kila mtu kilikuwa 9 mA kwa wanaume na 6 mA kwa wanawake, na mtoto anahesabiwa chini ya hapo. Kwa hiyo fundi anayepima usalama wa mwanao kwa ugumu wa mkono wake mwenyewe anakosea sana.

Juu ya hapo misuli ya kifua nayo inaweza kukaza, pumzi ikagoma. Kuanzia kama 40 mA, ukikaa sekunde kadhaa, moyo unaweza kupoteza mpigo wake ukabaki unatetemeka tu bila kusukuma damu. Lakini angalia suala la muda: mkondo mkubwa kuliko huo, ukikatwa ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, mtu ana nafasi nzuri ya kupona. Ndiyo maana kuna kifaa kinaitwa RCD, nitakifikia.

Sasa hesabu ya bafuni kwako. Ngozi kavu inazuia umeme vizuri kiasi. Ngozi iliyolowa, miguu peku kwenye saruji yenye maji, chukulia mwili unabaki na omu 1000 hivi (omu ni kipimo cha kuzuia umeme). Volti 62 ukigawanya kwa 1000 ni 62 mA. Nakiri mita za kidijitali mara nyingine husoma volti ambayo haina nguvu nyuma yake, na ukiigusa inashuka. Inawezekana leo kinachopita ni kidogo ndiyo maana unatekenywa tu. Lakini kinachokizuia ni nini? Kwenye shawa nyingi za namna hii koili, yaani waya unaopasha maji, iko uchi ndani ya maji yenyewe, na maji yanayovuja umeme yanatakiwa kukutana na waya wa athi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, kabla hayajakufikia wewe. Bomba likitekenya, kwa kawaida maana yake athi haipo, au imekatika, au ile nguzo ya athi nje haifanyi kazi. Siku hiyo koili ikipasuka, au chumvi ya maji ikibadilika, hakuna kinachokutenga na volti 230. Ndala hazihusiki hapo kabisa.

kijana_wa_Ruiru:
Mkuu, huku Kenya nyumba nyingi za kupanga ziko hivyo hivyo. Lakini si kuna breka ya ampea 32 kwenye boksi? Stima ikikupiga si inakata?

fundi_Tanga:
Ndugu yangu, breka ya ampea 32 inalinda waya usiungue. 32 A ni 32,000 mA. Mwili wako hautafikisha hata ampea moja kwa volti 240, utafariki breka ikiwa imetulia. Kinachomlinda mtu ni RCD ya 30 mA: inalinganisha umeme unaokwenda kwenye laivu (waya unaoleta umeme) na unaorudi kwenye nyutro (waya unaourudisha), na ikiona 30 mA zimepotelea njia nyingine inakata ndani ya sekunde 0.3. Zikipotea 150 mA inakata ndani ya sekunde 0.04. Bado utashtuka, na inaweza kuuma sana. Na ukishika laivu kwa mkono huu na nyutro kwa mkono ule, haioni kitu, maana hakuna kilichopotea.

Shawa zenye koili uchi mara nyingi huikatisha RCD, na mafundi wengine wanaiondoa ili mwenye nyumba asilalamike. Fundi wa hivyo asikanyage kwako tena. Tafuta shawa yenye koili iliyofunikwa.

nesi_wa_zamu:
Niongeze la upande wetu. Mkimkuta mtu amenaswa, msimguse. Zimeni meni swichi kwanza. Akiwa hapumui, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Aliyezimia, anayeumwa kifua au mjamzito aje hospitali hata kama amesimama na anaongea, apimwe mapigo ya moyo. Kidonda cha umeme huonekana kidogo kwa nje, ndani kumeungua zaidi.

mpangaji_Mbezi:
Asanteni sana. Shawa nimezima. Mwenye nyumba amekubali kuweka athi na RCD. Nitajuaje kama kazi imefanyika kweli?

fundi_Tanga:
RCD ina kitufe kimeandikwa T. Kibonyeze umeme ukiwepo, lazima ikate. Isipokata, haifai. Lakini kitufe kinapima kifaa chenyewe tu, hakigusi habari ya athi. Athi mwambie fundi aipime kwa mita ya athi, wewe ukiwa umesimama hapo, akuonyeshe namba. Na aunge bomba la chuma kwenye hiyo athi pia, siyo shawa peke yake.