Wananchi wameacha kuja mikutanoni: imani kwa viongozi wa kuchaguliwa inarudishwaje?

Mjumbe wa kijiji, Bagamoyo
Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kimoja cha pwani. Mikutano mikuu yetu ya karibuni imeahirishwa kwa kukosa akidi, na wachache waliofika walisema wazi kwamba hawaoni sababu ya kuja kupitisha mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Walichangia ujenzi wa darasa, wakapewa stakabadhi, lakini hadi leo hawajasomewa taarifa ya fedha zile. Tuanzie wapi, ili wawaamini tena watu waliowapigia kura?

Mtumishi mstaafu
Mwanangu, anzieni hapo hapo penye taarifa ya fedha. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu, yaani wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, kuwa ndio wenye mamlaka ya juu katika kuamua sera za kijiji, na inaupa uwezo wa kuichagua halmashauri na hata kuiondoa. Basi nendeni kwao kama watu wanaodaiwa hesabu. Someni kilichokusanywa, bei ya saruji, malipo ya fundi na kilichobaki, kisha karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Ikiwa fedha zimepungua, aliyezishika aeleze hadharani.

Mchuuzi wa samaki
Mzee, shikamoo. Nakuunga mkono, ila lipo pia suala la saa. Mkutano ukiitishwa asubuhi, vyombo vinashusha samaki na sisi akina mama tuko mnadani, halafu tunaambiwa kwamba hatujali maendeleo, jambo linalotuumiza sana. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea hupumzika. Itisheni mkutano siku hizo, baada ya alasiri, mtaona watu.

Mwalimu wa uraia, Tanga
Kijiji angalau kina uwezo huo wa kuwaondoa viongozi wake. Kwa mbunge hatuna. Rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, mwaka 2013 ilipendekeza wapiga kura waweze kumwondoa mbunge wao, lakini pendekezo hilo liliachwa katika Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014. Tena, katika Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati inayoamua miradi ipi ipewe fedha. Kwa maoni yangu, orodha ya miradi iliyopata na iliyokosa ingesomwa katika kila kata, pamoja na sababu zake, manung'uniko mengi yangepungua.

Mjumbe wa kijiji, Bagamoyo
Nashukuru sana. Nitapendekeza taarifa ya darasa iwe ajenda ya kwanza, na tusiombe mchango mpya kabla haijasomwa. Je, mtendaji akikataa kutoa vitabu vya hesabu?

Mtumishi mstaafu
Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, na ndiye katibu wenu. Azimio la kumtaka alete vitabu liandikwe katika muhtasari wa kikao, kisha mwenyekiti amwandikie barua mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi na kwa diwani. Msimtuhumu mtu katika barua hiyo. Ombeni vitabu, na mtaje tarehe ya mkutano.