Kibanja, mailo au lizi, nichukue kipi?

Kijana_wa_Bweyogerere
Salaam wakubwa. Nataka kununua ardhi hapa Uganda nijenge, na wakala ananipa tatu: kibanja (haki ya kukaa kwenye ardhi ya mtu mwingine), mailo yenye hati (ardhi yako moja kwa moja), na lizi ya miaka 49 (kukodi kwa muda). Mailo bei yake karibu mara mbili ya kibanja. Nichukue ipi? Mwenye kibanja anataka advansi Ijumaa.

Mama_Shamim
Ndugu mbona umeficha kila kitu? Iko wapi? Hela yako au ya mkopo? Umeoa? We ni raia wa Uganda? Asiye raia hapati mailo wala frihodi (umiliki mwingine wa kudumu), ni lizi tu, mwisho miaka 99.

Mzee_Bombo
Mailo, hakuna kingine. Hiyo ni yako na wajukuu wako, imetoka kwenye mkataba wa Waingereza na ufalme wa Buganda wa 1900. Kibanja unakaa kwenye ardhi ya mtu, hati iko kwake na busuulu, kodi ya kukaa pale, unamlipa kila mwaka.

Ssalongo_K
Mzee shikamoo, lakini usimtishe kijana. Sheria ilibadilishwa 2010, lendilodi, yule mwenye hati, hawezi kukutoa kwenye kibanja isipokuwa hujalipa busuulu, na hata hapo mpaka korti itoe oda. Mimi niko kwenye kibanja na nimejenga nyumba ya matofali na silali na wasiwasi.

Mama_Shamim
Ssalongo sema yote basi. Wanaolindwa ni pamoja na yule aliyekaa pale miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila kusumbuliwa, au aliyenunua kwake kwa njia ya haki. Na anayeuza lazima kwanza ampe lendilodi nafasi ya kununua, akikataa kununua ndo anakubali wewe uingie, unampa kanzu, ile zawadi ya kimila, naye anakuandikia kwamba amekubali. Kijana, huyo anayetaka advansi Ijumaa ashakupeleka kwa lendilodi?

Dada_Mukono
Na mailo nayo msiisifu hivyo. Shemeji yangu alinunua ekari mbili upande wa Mukono, hati safi kabisa, akafanya sachi, yaani kukagua rekodi, kwenye ofisi ya ardhi ya zoni, hakuna kaveti (zuio la mtu anayedai ardhi), hakuna rehani, akalipa stempu diyuti, ile kodi ya kuhamisha hati, asilimia 1.5, jina likabadilishwa. Siku anapeleka mtu wa kupima aweke mawe, anatoka bibi mmoja kwenye shamba la kahawa, kabeba kopo la majani ya chai, ndani zimejaa risiti za busuulu za mume wake marehemu, nyingine zimechakaa mpaka wino hausomeki. Kumbe kuna familia nne mle ndani na wakala hakusema hata moja. Hati ni yake kweli, lakini wale watu ni wapangaji halali na kubadilisha mwenye ardhi hakuwaondoi, ikabidi akae nao chini, wawili akawalipa wakahama, bibi amebaki na sehemu yake mpaka leo. Sachi inakuonesha karatasi tu. Nenda shambani, uliza majirani na chairman wa LC1 (baraza la kijiji), tena usiende na wakala.

Kijana_wa_Bweyogerere
Asanteni sana. Ni upande wa Gayaza, nje kidogo ya Kampala. Nusu ya hela ni mkopo wa benki, mke wangu ni Mkenya. Kwa lendilodi sijapelekwa bado.

Ssalongo_K
Aaa, mkopo! Hapo sahau kibanja, benki inataka hati iweke rehani.

Mama_Shamim
Na mke hata kama jina lake haliwezi kukaa kwenye mailo, mkishaishi pale huweki rehani bila yeye kukubali kwa maandishi. Ukishindwa kulipa benki haiuzi kesho yake, inakupa notisi ya siku 45 za kazi urekebishe, halafu 21 nyingine kabla ya kuuza.

Mzee_Bombo
Ukienda kortini kusimamisha mnada wanaweza kukwambia weka kwanza asilimia 30. Nani ana hela hiyo siku ya mnada? Jenga polepole bila mkopo.

Boda_Kawempe
Si afungue kampuni na mke wake, kampuni inunue?

Mama_Shamim
Kampuni ikiwa wenye usemi mkubwa ni wageni inahesabiwa mgeni pia, inarudi kwenye lizi. Kijana mwenyewe akishika hisa nyingi sawa. Lakini kwa ploti ya kuishi, kampuni ya nini?

Boda_Kawempe
Ya kurithisha watoto.

Mzee_Bombo
Wosia unatosha kijana wangu.

Dada_Mukono
Wosia kwa mke asiye raia? Hebu tueleze hiyo mzee, wengi hapa tuna ndoa za hivyo. Na wewe wa Bweyogerere, hiyo advansi ya Ijumaa usitoe.