Kompyuta za steshenari: mteja asiguse setingi ila aweze kuchapa na kuprinti

Karani_wa_Kona

Wakuu, habari za kazi. Kompyuta tano za wateja kwenye steshenari: nne za mezani zina Windows 10 Pro, ya tano ni laptop yenye Windows 11 Home. Kila moja ina akaunti moja tu, ile aliyoiacha fundi. Haina nywila, na kila anayekaa anatumia hiyo hiyo.

Matatizo ni haya: kibodi inageuka ya Kifaransa, ukibonyeza A inatoka Q, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa na tovuti zinagoma kufunguka, printa inahamia "Microsoft Print to PDF", mteja anasubiri karatasi haitoki, picha ya mezani inabadilishwa kila siku, na programu za ajabu zinajaa.

Mteja ninayemtaka afungue Word, kivinjari na fleshi yake, aprinti, aondoke. Setingi asiziguse, programu asiweke wala asifute. Mimi nibaki na uwezo wote. Nianzie wapi?

Bisibisi

Rahisi tu mkuu. Bonyeza Windows+R, andika gpedit.msc (kihariri cha sera, yaani kanuni za Windows), nenda User Configuration > Administrative Templates > Control Panel, fungua "Prohibit access to Control Panel and PC settings", weka Enabled. Kwisha kazi.

Rejestri_Kavu

Bisibisi, hapo umemfungia na mwenye duka. Sera ya User Configuration ukiiweka kupitia gpedit.msc ya kawaida inampata kila anayeingia kwenye kompyuta, admini (mwenye haki zote) naye yumo. Kesho akitaka kuongeza printa anakuta kufuli alilolifunga mwenyewe. Halafu kwenye ile laptop ya Home gpedit haipo kabisa.

Karani, kabla ya sera rekebisha akaunti. Sasa hivi kila mteja ni admini, na kumfungia admini ni kazi bure: ulichofunga anakifungua. Tengeneza akaunti mbili. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator" kisha andika:

net user msimamizi * /add
net localgroup Administrators msimamizi /add
net user mteja /add
net user mteja /passwordchg:no

Ile nyota inakuuliza nywila, nayo haitaonekana unapoandika. Akaunti ya mteja iache bila nywila, lakini mstari wa nne usiuruke: bila huo, mteja mmoja ataweka nywila yake na wenzake wote watabaki nje.

Sasa toka, ingia kama msimamizi, hakikisha umeingia kweli na unaweza kufungua programu kwa haki za admini. Baada ya hapo ndipo uiondoe akaunti ya fundi kwenye kundi la Administrators: net localgroup Administrators jina_la_akaunti /delete. Ukigeuza mpangilio huu unaweza kubaki na kompyuta isiyo na admini hata mmoja, na hapo utaanza kutafuta fleshi ya kuwekea Windows upya.

Mteja akishakuwa wa kawaida hawezi kubadilisha saa, hawezi kuweka programu kwenye Program Files, hawezi kufuta ya mwenzake. Nusu ya malalamiko yako imeisha kabla hujagusa sera yoyote.

Soketi_Tatu

Niongeze kitu kabla wateja hawajabebeshwa lawama zote. Matatu kati ya uliyoyataja huenda si wao.

Tarehe kurudi nyuma miaka kadhaa: hiyo ni betri ya ubao mama, CR2032, imekufa. Umeme ukikatika au ukizima swichi ya ukutani usiku, saa inasahau. Cheti cha tovuti kinaonekana hakijaanza kutumika, kivinjari kinakataa. Badilisha betri, kufunga setingi hakutasaidia hapo.

Printa: Windows ina tabia ya kuifanya printa iliyotumika mwisho kuwa ndiyo ya kwanza. Mteja akihifadhi CV kama PDF kwa njia ya printa, anayefuata anarithi "Microsoft Print to PDF". Ingia kwenye akaunti ya mteja, kwa Windows 10 ni Settings > Devices > Printers & scanners, ondoa tiki kwenye "Let Windows manage my default printer", kisha chagua printa yako. Ifanye ndani ya akaunti ya mteja, maana kila akaunti ina chaguo lake.

Kibodi: mkono ukigusa Alt+Shift au Windows+Space, lugha inahama. Lakini inahama tu kama kuna mpangilio wa pili. Futa wa Kifaransa kwenye akaunti ya mteja, ubaki mmoja, na hakutakuwa na pa kuhamia.

Rejestri_Kavu

Kweli kabisa, hasa hiyo ya betri. Sasa sera, kwa zile nne za Pro. Njia ya kumwacha admini nje ni hii: ukiwa msimamizi, Windows+R, andika mmc. File > Add/Remove Snap-in, chagua Group Policy Object Editor, bonyeza Add. Usikimbilie Finish. Bonyeza Browse, nenda kwenye kichupo cha Users, chagua Non-Administrators, OK, Finish, OK. Dirisha linalofunguka linafanana na gpedit, ila chochote utakachoweka humo kinawahusu wasio admini peke yao. Lihifadhi kwenye desktop yako usilitafute tena.

Humo ndani, chini ya Administrative Templates:

Control Panel > "Settings Page Visibility": Enabled, na kwenye kisanduku andika showonly:display;sound;printers. Bila nafasi katikati, bila ms-settings mbele. Kurasa nyingine zote zinatoweka, proxy na lugha zikiwemo. Hii naipenda kuliko ile "Prohibit" ya Bisibisi, kwa sababu mteja mwenye shida ya macho bado anaweza kukuza maandishi. Ila kumbuka haifungi Control Panel ya zamani. Hiyo ifunge kwa "Show only specified Control Panel items" na kwenye orodha uandike Microsoft.DevicesAndPrinters. Ukiona usumbufu, weka "Prohibit", Settings nzima haitafunguka.

Control Panel > Personalization > "Prevent changing desktop background".

Control Panel > Printers > "Turn off Windows default printer management" na "Prevent deletion of printers". Hizi zinakamilisha alichosema Soketi.

System > "Prevent access to registry editing tools" na "Prevent access to the command prompt". Hii ya pili inauliza kama izuie na faili za .bat. Kama kuna skripti inayoendeshwa mtu anapoingia, jibu No.

Kuna moja watu wanaiweka kwa mazoea: "Remove Run menu from Start Menu". Iache. Inazuia pia kuandika njia ya mtandao kama \\kaunta\kazi kwenye upau wa anwani wa folda. Kama wateja wanatuma kazi kaunta kwa folda ya pamoja, asubuhi utaambiwa mtandao umekufa.

Ukimaliza: gpupdate /force, kisha mteja atoke na kuingia upya.

Bisibisi

Hiyo ya Non-Administrators sikuwa naijua, nimekusoma. Vipi programu anazoweka mteja bila kuulizwa nywila? Chrome kwa mfano inaingia hata kwa akaunti ya kawaida.

Soketi_Tatu

Kwa sababu inajiweka kwenye AppData, folda binafsi ya huyo mtumiaji, si Program Files. Akaunti ya kawaida haizuii hilo, na programu za kubebeka kwenye fleshi ni hivyo hivyo.

Kwa fleshi, njia ya mkato ni sera ya kompyuta nzima, kwa hiyo hapa tumia gpedit.msc ya kawaida: Computer Configuration > Administrative Templates > System > Removable Storage Access > "Removable Disks: Deny execute access". Mteja anafungua nyaraka zake kama kawaida, lakini .exe iliyoko kwenye fleshi haiendeshwi. Hii inampata na admini: ukileta draiva ya printa kwa fleshi, inakili kwanza kwenye diski ndipo uiendeshe.

Na usidhani ni kinga kamili ya virusi vya shortcut (vinavyojifanya faili au folda). Shortcut yenyewe inaweza kuita programu iliyopo tayari ndani ya Windows. Mteja akinakili .exe kwenye Desktop pia amekupita.

Ukitaka kuziba huko ni AppLocker, kichujio cha Windows cha programu zinazoruhusiwa kuendeshwa. Zamani ilihitaji Enterprise, ila tangu masasisho ya 2022 inafanya kazi hata kwenye Pro. Fungua secpol.msc > Application Control Policies > AppLocker. Bonyeza kulia Executable Rules, chagua Create Default Rules: kila mtu anaruhusiwa kilichoko Program Files na Windows, admini anaruhusiwa vyote. Fanya vivyo hivyo kwenye Packaged app Rules. Ukiisahau hiyo ya pili, programu za aina ya Store zinazuiwa zote, hata menyu ya Start inaweza kugoma, na hapo ndipo watu wanapoitukana AppLocker bure.

Huduma yake iweke ijiwashe yenyewe kompyuta inapowashwa, kwa amri, ukiwa admini: sc config appidsvc start= auto. Nafasi baada ya alama ya sawasawa ni ya lazima. Wiki ya kwanza iweke "Audit only", usome Event Viewer chini ya Microsoft > Windows > AppLocker. Namba 8003 ni kitu ambacho kingezuiwa. Ukiona programu unayoihitaji humo, iwekee kanuni kwanza. Ukigeuza kuwa Enforce, vilivyozuiwa vinaandikwa 8004.

Karani_wa_Kona

Asanteni sana. Akaunti nimeshaweka zote, sera nimeweka kwenye mashine mbili. Moja imekubali, ya pili mteja bado anafungua Settings yote. Na ile laptop ya Home je?

Rejestri_Kavu

Ya pili, andika net localgroup Administrators usome majina. Nina hakika kiasi kwamba wateja bado wanaingia kwa akaunti ya fundi, nayo bado imo kwenye kundi. Kama haimo, ingia kama mteja, bonyeza Windows+R na uandike rsop.msc ukaone sera gani zimemfikia kweli.

Home: unaandika rejestri (hifadhi ya setingi za Windows) kwa mkono, na kosa la kawaida ni kufungua regedit kama admini na kuhariri HKEY_CURRENT_USER. Hiyo ni yako wewe, si ya mteja. Fanya hivi. Mteja aingie mara moja ili folda yake itengenezwe, kisha atoke kabisa, si kubadilisha mtumiaji. Wewe fungua regedit, bonyeza HKEY_USERS, File > Load Hive, andika C:\Users\mteja\NTUSER.DAT (faili limefichwa, kwa hiyo liandike jina). Lipe jina mt. Nenda mt\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Explorer, kama Explorer haipo, itengeneze. Weka String iitwayo SettingsPageVisibility yenye showonly:display;sound;printers. Ukitaka kufunga vyote, badala yake weka DWORD NoControlPanel yenye 1.

Mwisho bonyeza mt, File > Unload Hive. Ukisahau, mteja ataingizwa kwenye wasifu wa muda na Desktop yake itaonekana tupu.

Naye hataweza kuyafuta uliyoandika, kwani tawi la Policies akaunti ya kawaida inalisoma tu.

Ngazi_ya_Dari

Yote hayo yanapitwa na mtu mwenye fleshi ya kuwashia kompyuta. Ingieni BIOS (setingi za kabla ya Windows kuwaka), diski ya ndani iwe ya kwanza, zimeni kuwasha kwa USB, wekeni nywila ya BIOS. Na kwa kuwa kwenye baadhi ya mashine za mezani kuchomoa ile CR2032 kunafuta nywila hiyo, kasha lifungwe kwa kufuli au liwe upande wa kaunta.

BitLocker (inayofunga diski kwa usimbaji) ni nzuri kwenye zile Pro zenye TPM, chipu ya kutunza ufunguo wake. Printi ule ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 na uuweke nje ya kompyuta hiyo. Mashine isiyo na TPM itadai nywila kila inapowashwa, kwa steshenari ni kero, achana nayo.

Pia Windows 10 iliisha muda wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Panga kuhama.

Karani_wa_Kona

Ilikuwa hivyo hivyo, akaunti ya fundi. Nimeitoa kwenye kundi, sasa imekubali. Swali la mwisho: nikijifungia kwa bahati mbaya, narudi vipi?

Rejestri_Kavu

Sera za Non-Administrators zinakaa C:\Windows\System32\GroupPolicyUsers, folda iliyofichwa. Ukiwa msimamizi ifute yote, andika gpupdate /force, washa upya. Zile za gpedit ya kawaida, kama ya fleshi, ziko kwenye folda ya GroupPolicy pembeni yake. Nakili folda zote mbili kwenye fleshi yako leo, kompyuta zikiwa zinafanya kazi vizuri.