Monita (spika za kumiksia) za inchi 5 au inchi 8 kwa chumba cha mita 3 kwa 3? Naomba ushauri

BintiChumbageni

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Niko Tanga, Chumbageni. Narekodi kaswida za vijana wa madrasa yetu, na mara mojamoja bongo fleva za watoto wa mtaani. Kazi yote inafanyika nyumbani kwa mama, kwenye chumba nilichokilala tangu shule ya msingi. Nina laptop yenye Reaper (programu ya kurekodi na kumiksi), intafesi ya Scarlett 2i2 (kiboksi cha kuunganisha maiki na spika kwenye laptop), maiki moja ya kondensa na hedfoni. Kinachonisumbua ni spika. Mpaka leo namiksi kwa sabufa ya sebuleni, ile ya spika mbili ndogo na boksi moja kubwa la chini.

Mwezi uliopita niliwakabidhi vijana kaswida yao ya Maulidi. Chumbani dufu lilikuwa linajaa mpaka nalisikia kifuani, nikaona limezidi, nikalipunguza. Tukaenda kuisikiliza kwenye gari la ustadhi wao. Dufu halipo. Kuna makofi na sauti za watoto tu, nyembamba kama redio iliyoishiwa betri. Ustadhi hakusema neno. Alirudisha wimbo mwanzo, akausikiliza tena wote, akazima. Ukimya wake uliniuma kuliko angenifokea.

Nimekusanya milioni moja na laki mbili, sina nyingine. Muuzaji mmoja wa Kariakoo ameniambia kwa simu nichukue za inchi 8, maana hizo ndizo za studio. Wengine wananitajia Yamaha HS5, wengine KRK zile za njano, wengine JBL.

Chumba ni mita 3 kwa 3, kuta za tofali, sakafu ya vigae, dari ya jipsamu. Huwa namiksi nimekaa kitandani, mgongo karibu na ukuta, laptop kwenye stuli, sabufa kwenye kona mbele yangu. Nichukue zipi?

Fundi_Sinza

Marahaba, binti yangu. Usitume hela popote kwanza.

Yaliyokukuta yalinikuta. Mwaka 2009 niliuza pikipiki nikanunua jozi ya inchi 8, nikazifunga kwenye chumba cha Sinza kisichozidi chako. Kwaya moja ikanipa nyimbo nane. Chumbani kila kitu kizito na kitamu. Wimbo ukitoka nje, wale wa sauti ya nne hawasikiki. Nililaumu waimbaji, nikalaumu maiki, nikabadilisha waya. Kumbe chumba kilikuwa kinaongeza besi na mimi naipunguza, miezi mitano mfululizo. Ile kwaya niliwarudia kazi yote bila malipo, kwa sababu walikuwa wamechangishana.

Kwa hiyo kabla ya spika, kijue chumba. Leo jioni fungua Reaper, chagua sauti ya besi iliyo laini isiyo na mapambo, piga noti moja moja kuanzia E ya chini ya gitaa la besi, ambayo ni 41 Hz (mitetemo 41 kwa sekunde), panda mpaka E inayofuata, 82 Hz. Kila noti kwa nguvu ileile. Kaa hapo hapo kitandani unapokaa siku zote, uandike kwenye karatasi ipi inavimba na ipi inapotea. Kisha beba stuli ukae katikati kabisa ya chumba, urudie.

Nakuambia mapema utakachokuta. Sauti kwenye joto letu la nyuzi 30 husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Kuta zako zimeachana mita 3, kwa hiyo wimbi la mita 6 linaenda na kurudi likijikuta lenyewe. Gawanya 349 kwa 6, unapata kama 58 Hz. Hiyo ni A shapu. Na kwa kuwa chumba chako ni mraba, jozi zote mbili za kuta zinaimba noti hiyohiyo. Ukutani inavimba, katikati ya chumba inakufa. Wewe ulikuwa umeketi ukutani, na sabufa iko konani, mahali ambapo besi hupata nguvu kuliko kote. Dufu la wale vijana halikuwa kubwa hata kidogo. Ulilipunguzia uzito ambao haukuwa wake.

Ukileta inchi 8 humo, unaleta spika inayoshuka mpaka karibu 38 Hz kwenda kuamsha tatizo lilelile kwa nguvu zaidi. Kwa chumba chako mimi nasema inchi 5. Ukichukua HS5, ndani ya kila boksi kuna amplifaya mbili, wati 45 za wufa (koni kubwa ya besi) na wati 25 za twita (ile ndogo ya sauti nyembamba), kila moja inapewa kipande chake cha sauti. Ndiyo maana hazihitaji amplifaya ya nje. Naomba ulishike hilo, maana nimeshaona mtu kachukua waya kutoka nyuma ya amplifaya ya ukumbini akauchomeka kwenye monita, zikaungua papo hapo. Toka kwenye intafesi moja kwa moja, kwa waya za balansi, zile za jeki yenye miviringo miwili myeusi. Zenye mviringo mmoja zitafanya kazi, ila kwenye nyumba zetu zinakaribisha mvumo wa umeme.

Sasa mahali pa kuziweka. Meza ukutani, katikati ya ukuta huo kulia na kushoto. Mgongo wa spika uache sentimita 10, maana HS5 ina tundu la hewa nyuma. Spika kwa spika mita 1, na kutoka kila spika mpaka kichwa chako mita 1 vilevile, twita zikiwa usawa wa masikio. Boksi lina kina cha sentimita 22, kwa hiyo kichwa kitaangukia kama mita 1 na sentimita 20 kutoka ukuta wa mbele. Hapo umekwepa ukutani na umekwepa katikati.

Usizivute spika mpaka uso wake ufike sentimita 80 kutoka ukutani eti zipumue. Sauti ya besi huenda na nyuma ya spika pia, inagonga ukuta na kurudi ikiwa imechelewa, inaifuta ile inayotoka mbele. Kwa sentimita 80 inafuta karibu na 109 Hz, palepale penye mwili wa dufu. Ukizisogeza karibu na ukuta shimo hilo linapanda mpaka kama 270 Hz, ambako godoro la kawaida tu linaweza kulitibu. Besi itaongezeka kidogo kwa sababu ya ukuta, na nyuma ya spika kuna swichi ya ROOM CONTROL kwa kazi hiyo, inapunguza chini ya 500 Hz kwa desibeli 2 au 4.

Hela itakayobaki itumie kutuliza besi kwenye kona. Trei za mayai achana nazo, ni karatasi, haziwezi kushika besi na zinawaka moto upesi. Mimi nilipiga fremu za mbao kimo cha mita 1.2, upana sentimita 60, kina sentimita 15, nikajaza sufi ya magodoro, nikavalisha kanga. Kitambaa kipime hivi: kibandike mdomoni upulize. Pumzi ikipita, sauti inapita. Sufi nayo inashika moto, iweke mbali na soketi.

Pwani_Beats

Nipo Likoni. Fundi amesema kweli kuhusu chumba, ila kwa inchi 5 nina neno. HS5 inaanza kuishiwa chini ya 74 Hz, na ikifika 54 Hz imeshuka desibeli 10. Mimi napiga kick (ngoma ya besi) za kuburuta na besi za amapiano. Nilikaa na inchi 5 mwaka mzima nikibahatisha huko chini. Nikahamia Kali LP-6, wufa ya inchi 6.5, tundu la hewa liko mbele na nyuma kuna swichi ndogondogo za kuiambia imewekwa wapi, ukutani au juu ya meza. Dada, kama bongo fleva ndiyo itakuwa kazi yako kubwa, ifikirie.

Hizo za njano ni nzuri pia, usimsikilize anayezidharau. Nenda tu dukani na nyimbo zako tatu unazozijua mpaka kikohozi cha muimbaji, uzisikilize kwa sauti ya kuzungumza. Ukifungua sana kila spika ni tamu.

Fundi_Sinza

Pwani_Beats, nakubali kwa amapiano. Lakini yeye anafanya kaswida, na kaswida ni sauti za watu, makofi na dufu. Hapo katikati ndipo monita ndogo inaposema kweli. Kumbuka Yamaha NS-10, ilitoka mwaka 1978 ikiwa spika ya nyumbani, haina besi ya maana, na bado ilikaa juu ya mikseri za studio kubwa za dunia mpaka ilipoachwa kutengenezwa mwaka 2001. Iliwafichulia watu vokali mbaya. Hizo koni nyeupe za HS zinatoka kwenye ukoo huo. Na huko chini ya 60 Hz binti ana hedfoni, azitumie kukagulia.

Mswahili_Muscat

Asalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Muscat, huwa nawatumia ndugu vifaa. Jambo moja ambalo hamjaligusa ni umeme. Ukipata za bei nafuu kutoka kwa jamaa wa Marekani, geuza spika usome bati la nyuma kabla ya kulipa. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, ukiichomeka Tanzania kwenye 230V inakufa. Ikiwa 100-240V, haina taabu. Za huku Oman na za Dubai ni umeme wa aina ya kwetu na plagi ya pini tatu bapa ileile.

Na uwe na stebilaiza. Umeme ukikatika, chomoa monita usisubiri urudi. Kuwasha: laptop na intafesi kwanza, monita mwisho. Kuzima: monita kwanza. Ule mlio wa "pwaa" unaousikia ukikosea ndio unaochosha wufa.

BintiChumbageni

Nimerudi baada ya wiki tatu. Ahsanteni sana, kila mmoja kwa nafasi yake.

Jaribio la Fundi nililifanya usiku ule ule, mama alishalala, nikafungua sauti ndogo. E kawaida. F kawaida. G inaanza kunenepa. A inajaa. A shapu ilipolia, kioo cha dirisha kilitetemeka na bilauri ya maji kwenye stuli ikaanza kuchora miduara. B ikapungua. Nikahamia katikati ya chumba, nikapiga A shapu ileile: nasikia twi twi ya laptop, besi haipo, kana kwamba mtu kachomoa sabufa. Nikarudi kitandani ikarudi. Nilikwenda na kurudi mara tano, nikakaa chini nikalia kidogo, kwa sababu nilishaanza kuamini masikio yangu ndiyo mabovu.

Nimechukua HS5. Sikununua kwa simu. Nilipanda basi la alfajiri mpaka Dar, nikasoma bati la nyuma kama alivyosema kaka wa Muscat, nikasikiliza na kaswida yangu ileile iliyoharibika. Dukani nilisikia wazi kwamba dufu halipo. Muuzaji akaniuliza mbona natabasamu.

Kwa kona sikupata sufi ya kutosha, lakini hapa Tanga katani haikosi. Mjomba alinitafutia gunia mbili za zile nyuzi fupi zinazobaki, nikazichambua kwa mkono siku nzima zisiwe mabonge, nikajaza fremu mbili, nikavalisha kanga za mama. Kanga moja ilifaulu kipimo cha pumzi, nyingine ilikuwa bado na wanga wa dukani, nikaifua kwanza. A shapu bado inavimba, siwezi kudanganya, ila bilauri imetulia.

Nimeanza kuimiksi upya kaswida. Ijumaa baada ya swala ustadhi atanipa gari tena. Swali langu la mwisho: ROOM CONTROL niiweke -2 au -4?

Fundi_Sinza

Acha kwenye 0 leo na kesho, usimiksi chochote, sikiliza tu kaswida za watu wengine ambazo unazijua. Ukihisi kifua kimejaa, weka -2. Kwa sentimita 10 kutoka ukutani sidhani utafika -4. Ukishachagua, usiiguse mpaka mwezi uishe, masikio yazoee. Na hiyo Ijumaa, mkiwa garini, usikae kiti cha mbele ukiangalia uso wa ustadhi. Kaa nyuma, fumba macho, sikiliza dufu.