Wauza sarafu wa Tanga, J yenye kivuli si "J mbili". Acheni kutuuzia mihuri iliyochoka!

Wakuu, huu uzi ni wa hasira na sitaupunguza makali.

Kwenye magrupu ya hapa mjini, kuanzia Ngamiani mpaka Chumbageni, haipiti wiki bila sarafu ya hela moja ya enzi za Mjerumani kutangazwa, mara ya 1909, mara ya 1913, picha moja yenye ukungu na maneno yale yale: "J imepigwa mara mbili, adimu sana, bei maelewano." (J ni ile herufi ndogo ya kiwanda kilichopiga sarafu.) Maelewano gani wakati bei imeshazidishwa mara kumi? Ukimuuliza muuzaji amejuaje, jibu ni "huoni kivuli?" Hela moja zilipigwa kwa mamilioni. Kivuli peke yake hakiifanyi kuwa adimu.

Herufi ya kiwanda (A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora) inatoka kwenye muhuri, kile chuma kigumu kinachobonyeza sura kwenye sarafu. Marekani, kwa mfano, mpaka karibu na 1990 herufi haikuja pamoja na sura nyingine: fundi alishika panchi yenye herufi, akaigonga kwa nyundo kwenye kila muhuri wakati chuma bado laini. Panchi ikiteleza kati ya pigo na pigo, au la kwanza likawa hafifu akarudia pembeni kidogo, muhuri unabaki na alama mbili zilizozama. Kilichozama kwenye muhuri huinuka kwenye sarafu. Ndiyo maana kuna senti moja ya Marekani ya 1909 ya San Francisco yenye S iliyosimama juu ya S iliyolala, na senti tano ya 1938 ya Denver yenye D juu ya S. Hizo ndizo zenye haki ya kuitwa "herufi mbili".

Nyingi mnazouza ni mambo mawili tofauti kabisa.

La kwanza, muhuri uliolegea kwenye mashine. Ukishapiga, unatikisika na kuikwaruza herufi ambayo tayari imeumbika. Matokeo ni ngazi bapa, chini, inayong'aa, upande mmoja wa herufi. Angalia vizuri: herufi yenyewe imekonda, kwa sababu ngazi imekatwa kutoka mwilini mwake. Herufi iliyogongwa mara mbili haikondi, inaongezeka. Tena ngazi hii huwa haiishii kwenye J. Tazama tarakimu za mwaka zilizo jirani. Zikiwa na ngazi kuelekea upande uleule, habari imekwisha. Panchi ya herufi haigusi mwaka.

La pili, muhuri uliochoka, na hapa ndipo watu wanapoliwa zaidi. Muhuri ukishapiga sarafu nyingi mno, kingo za mashimo yake huliwa na madini ya sarafu yanayokimbilia ukingoni kila yanapobanwa. Herufi inavimba, ncha zinayeyuka, pembeni panatokea kivuli kinene kisicho na mpaka. Uwanja mtupu wa sarafu nao unakuwa na mistari myembamba inayotoka katikati kwenda ukingoni, au unakwaruza macho kama ganda la chungwa. Herufi zilizo karibu na ukingo ndizo huathirika mapema. Ukiona hayo, usiendelee hata kuitazama J.

Kupima si uganga. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kuanzia, mara 20 kuthibitisha. Taa moja tu, iwe chini pembeni, usitumie flashi. Shika sarafu kwa ukingo, izungushe taratibu duara zima. Ngazi bapa itawaka ghafla kama kioo kwenye pembe moja kisha ipotee. Herufi ya pili ya kweli ina mgongo, kivuli chake kinahama taratibu. Halafu nenda kwenye ncha za herufi: iliyogongwa mara mbili huonyesha ufa au pengo dogo penye ncha, pale herufi mbili zinapoachana. Kama hakuna ufa wala mstari wa ziada ndani ya herufi, mimi sinunui.

Mwisho tafuta sarafu ya pili iliyotoka kwenye muhuri uleule. Kosa la panchi linajirudia mahali palepale kwenye kila sarafu; la mtikisiko linabadilika pigo kwa pigo.

Na simu zenu zinawadanganya. Kamera nyingi zinanoa picha zenyewe, zinachora mstari mweupe kuzunguka kila herufi. Ukivuta picha hiyo unaona "herufi mbili" hata kwenye kifuniko cha soda.

Halafu kuna wanaosugua kwa msasa, au kwa ndimu na mchanga, ili ing'ae. Upepo wetu wa chumvi umeshaila shaba, kutu ya kijani imeshavimbisha herufi, wewe unaongezea mikwaruzo. Hapo hata mwenye jicho kali hawezi kusema kitu.

Kuna mmoja, simtaji, alitangaza sarafu ya pesa moja ya Mjerumani ya 1890, ile yenye maandishi ya Kiarabu, eti "alama ya kiwanda mara mbili". Pesa zile hazina herufi ya kiwanda! Huyu hana tofauti na wale matapeli wa rupia inayovuta mchele.

Mnaouliza kuhusu hela 20 za Tabora za 1916: zilipigwa wakati wa vita kwenye karakana, kwa shaba na shaba nyeupe ya maganda ya risasi. Uchafu na ukungu wa herufi ni kawaida yake. Wanaozijua huzitenganisha kwa mihuri, kwa mfano taji kubwa na taji dogo. Kwa hiyo tuambieni taji lipi, acheni T.

Kuanzia leo, anayetangaza "herufi mbili" aweke picha nne: sarafu nzima pande zote mbili, na herufi pamoja na mwaka, taa ikitoka kushoto kisha kulia. Ikikosekana hata moja, nitaandika "muhuri umechoka" chini ya tangazo. Anayebisha alete sarafu tuipime mbele ya watu.