Wauza mashine za ndevu wa Luthuli, mnatuchuna ngozi kwa pesa zetu wenyewe

Wandugu, leo nimejaa mpaka hapa na lazima niseme. Jumamosi iliyopita nilitoka Luthuli Avenue, hapa Nairobi, na mashine ya ndevu ya shilingi 2,400, pesa niliyoiweka kidogo kidogo kwa miezi miwili. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nikainyolea. Kufika saa nne niko kazini, kola ya shati jeupe ina vidoa vitatu vya damu na shingo inawaka kama imepakwa pilipili.

Mimi ni mhudumu wa mezani. Msimamizi wetu hataki ndevu ndefu, na hataki pia kuona kidevu chenye vipele mbele ya wageni. Ameshaniambia mbele ya wenzangu kwamba ni uchafu. Si uchafu! Naoga kila siku, taulo yangu ya uso ni yangu peke yangu. Daktari wa ngozi alinieleza vizuri: unywele wetu hukua ukiwa umejipinda. Ukiukata karibu sana na ngozi, ncha inabaki kali, na ukianza kukua tena unajikunja na kuchoma ngozi kutoka nje, au unatoboa pembeni kabla hata haujatoka. Mwili unauchukua kama mwiba, panavimba, panatunga usaha, kisha panabaki alama nyeusi. Shingo yangu imejaa hizo alama, upande wa kushoto zaidi.

Na wembe wa makali matano tunaosifiwa kila siku ndio mbaya zaidi kwa watu kama sisi. Makali ya kwanza yanauvuta unywele juu, yanayofuata yanaukata, halafu unarudi ndani chini ya ngozi. Unajipapasa shavu ni laini kama la mtoto, unafurahi. Baada ya siku mbili unalia.

Kwa hivyo daktari akaniambia niweke wembe chini kama mwezi mzima, nywele zilizonasa zitoke, kisha niwe napunguza kwa mashine na kuacha ndevu za kama milimita moja. Hizo hata msimamizi amezikubali, mradi ziwe sawasawa. Nilikuwa nimetulia kabisa, mpaka mashine niliyokuwa nikiazimwa na jirani ikafa betri.

Ndipo nikaenda Luthuli. Nikamweleza kijana wa duka, kwa maneno haya haya: nataka mashine inayoacha ndevu kidogo, sitaki ya kunyoa mpaka chini, ngozi yangu ina vipele. Akanijibu, "Mkubwa wangu, chukua hii, ndiyo moto saa hii. Inakata mpaka chini, haiachi kitu." Nikarudia. Akasema inafaa watu wote, na vichana vyake, vile vinavyovikwa kwenye meno ili ndevu zisikatwe mpaka chini, viko ndani ya boksi. Nikaomba nifungue niangalie. Hapana, boksi likifunguliwa ni lako.

Kichana kidogo kabisa nilichokuta ndani ni cha milimita 3. Kwenye picha ya boksi kuna cha 1.5, ndani hakipo. Milimita 3 usoni mwangu ni mtu ambaye hajanyoa wiki nzima, kazini siwezi kuingia nazo. Nikajaribu bila kichana, na hapo ndipo iliponila.

Jioni nikaimulika kwa tochi ya simu. Wasiojua mambo haya: mashine ina safu mbili za meno. Ya chini imetulia na ndiyo inayogusa ngozi. Ya juu ndiyo inayokwenda huku na huku ikikata. Ile inayokimbia inatakiwa iwe imerudi nyuma kidogo, ili meno yaliyotulia yaisukume ngozi isiguswe. Safu za mashine yangu zimelingana, na kwenye kona ya kulia safu ya juu imepita kabisa ya chini. Nilipitisha ukucha pale, ukakwaruzwa. Vinyozi huzipanga hivyo makusudi wanapotaka kuchora laini kali ya paji la uso, na mkono wao umezoea. Sasa kifaa cha kuchora laini mnakiuza vipi kama kifaa cha kutunza ndevu fupi, kwa mtu aliyewaambia ngozi yake inaumwa?

Jumanne nikairudisha na risiti yangu. Kijana akaniwekea kidole kwenye muhuri: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Nikamwonyesha shingo. Akageuka kuhudumia mteja mwingine.

Muhuri wa duka haupiti Katiba. Ibara ya 46 inasema mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili bidhaa imfae, kulindwa afya yake, na kulipwa fidia akiumizwa na kasoro ya bidhaa. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mimi nilitoa habari zote, nikarudishiwa uongo.

Nisiwasahau vinyozi wa mitaani. Mnamaliza kidevu cha mtu, mnampaka spiriti kwenye ngozi iliyochubuka na kumwambia avumilie ndiyo dawa. Mashine inatoka kichwa kimoja hadi kingine ikiwa na vipande vya nywele kwenye meno, kisha inawekwa kwenye kile kisanduku cha taa ya buluu. Mwanga hauui kitu kilichojificha nyuma ya nywele na mafuta. Isafishwe kwanza! Na mnaowauzia watu vile vitube vya krimu yenye steroidi kali ati vinamaliza vipele, uvimbe unashuka siku chache, kisha ngozi inakonda na mtu anaharibika uso.

Kwa mwenye shida kama yangu, nilichofanya ni hiki. Nilichukua bisibisi ndogo, nikalegeza skurubu mbili, nikarudisha nyuma meno yanayokimbia kiasi cha unene wa kadi ya laini ya simu, nikakaza. Nikaijaribu kwanza kwa ndani ya mkono, kwenye ngozi laini, mpaka nikahakikisha haichomi. Tone moja la mafuta ya cherehani kila upande, kwa sababu meno makavu yanapata moto na kuvuta. Chaji ijae, maana betri ikichoka mashine inang'oa nywele badala ya kukata. Na jipapase ujue ndevu zako zinaelekea wapi. Zangu za shingo ya kushoto zinapanda juu, na miaka yote nilikuwa nikizinyoa kwenda chini nikidhani ndivyo zinavyolala, kumbe nimekuwa nikizinyoa kinyume. Kaeni mbele ya kioo, pitisheni kidole pole pole pande zote nne.

Lakini kwa nini nitengeneze mwenyewe kitu kipya cha shilingi 2,400?

Jumamosi narudi pale na risiti, boksi, na picha za shingo za kila siku tangu Jumatatu. Nataka kichana cha 1.5 kilichochorwa kwenye boksi, au pesa zangu. Kama unajua duka katikati ya jiji linalokubali ufungue boksi na kuangalia meno kabla ya kulipa, liandike hapa chini na mtaa wake. Na kama nawe umeuziwa mashine ya namna hii, weka picha ya meno yake hapa, iliyopigwa kwa karibu.